Kifurushi cha Simu Kinapotumiwa na Kompyuta: Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi wa Unguja na Pemba hivi sasa huunganisha kompyuta zao na intaneti kwa kupitia simu za mkononi. Afisa aliyeko shamba hupeleka ripoti yake makao makuu bila ya kulazimika kurudi mjini. Mwanafunzi aliyemaliza skuli hujaza maombi ya chuo akiwa nyumbani kwao. Mwenye nyumba ya wageni hujibu barua za wateja wake hata pale umeme unapokatika. Jambo hili, ambalo kwa lugha ya kila siku huitwa kuwasha hotspoti, limekuwa msaada mkubwa katika kazi na maisha ya watu.

Pamoja na manufaa hayo, hutokea mara nyingi kwamba kifurushi ambacho kingemtosha mtu wiki nzima katika simu yake humalizika kwa muda wa saa moja tu baada ya kuunganishwa na kompyuta. Hutokea vile vile kwamba simu ina kifurushi na mtandao upo, lakini kompyuta haipati kitu. Katika hali zote mbili mwenye simu hudhani ameibiwa au simu yake ni mbovu, na pengine sababu si hiyo wala hiyo.

Madhumuni ya maelezo haya ni kufafanua namna simu inavyoipatia kompyuta intaneti, kanuni ambazo kampuni za simu huziweka juu ya matumizi hayo, na hatua ambazo mtumiaji anapaswa kuzichukua ili fedha yake isipotee. Msingi wa maelezo yote ni huu: simu ndiyo inayounganisha, mkataba ndio unaoruhusu, na mwenye laini ndiye anayelipa na kuwajibika.

1. NAMNA SIMU INAVYOUNGANISHA KOMPYUTA

Ziko njia tatu za kuunganisha. Ya kwanza ni Wi-Fi, ambapo simu hutoa mawimbi yake yenyewe na kompyuta huyapokea kama inavyopokea Wi-Fi ya ofisini. Ya pili ni waya wa USB, yaani ule ule unaotumika kuchajia simu. Ya tatu ni Bluetooth, ambayo ina kasi ndogo kuliko nyengine.

Kila njia ina faida yake. Wi-Fi inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja, lakini humaliza chaji ya simu kwa haraka. Waya wa USB huhudumia kompyuta moja tu, nao hauvutwi na jirani, na wakati huo huo simu hupata chaji kutoka katika kompyuta. Kwa hiyo umeme unapokatika, waya ndiyo njia bora zaidi. Bluetooth hutumia chaji kidogo kuliko Wi-Fi na inatosha kwa barua zisizo na viambatisho vizito.

Kwa njia yoyote itakayotumika, kazi ya simu ni ile ile. Simu inakuwa kama tarishi anayesimama baina ya kompyuta na kampuni ya simu. Kompyuta hupeleka maombi yake kwa simu, simu huyapeleka katika mnara kwa kutumia anwani yake yenyewe, na majibu yanaporudi huyakabidhi kwa kompyuta iliyoomba. Kampuni ya simu haina hesabu yoyote na kompyuta. Hesabu yake ni moja tu, nayo ni ya laini iliyomo ndani ya simu, na kila kinachopita hukatwa katika kifurushi cha laini hiyo.

2. SABABU ZA KIFURUSHI KUMALIZIKA UPESI

Simu za kisasa zimetengenezwa kwa kufahamu kwamba mwenye simu hulipia kila megabaiti. Programu nyingi za simu husubiri Wi-Fi kabla ya kupakua mambo mazito. Kompyuta, kwa upande wake, imezoea kuunganishwa na waya wa ofisini usiokuwa na kipimo. Inapoona Wi-Fi ya simu, mara nyingi huichukulia kuwa ni Wi-Fi kama nyengine yoyote, na huanza mara moja kufanya kazi zilizokuwa zikisubiri: kupakua masahihisho ya mfumo, kusasisha programu ya kuzuia virusi, na kupeleka nakala za mafaili na picha katika hifadhi ya mbali. Haya yote hufanyika nyuma ya pazia bila ya mtumiaji kuyaona.

Uchukuliwe mfano wa afisa aliyeko Micheweni mwenye kifurushi cha GB 2. Ripoti anayotaka kuipeleka ina MB 5. Kama kompyuta ingefanya kazi hiyo peke yake, kifurushi chake kingetosha kupeleka ripoti kama hiyo mara mia kadhaa. Lakini masahihisho makubwa ya mfumo wa Windows huweza kufika GB kadhaa. Kwa hiyo kifurushi chote kinaweza kumalizika katika masahihisho hayo kabla ya ripoti kuondoka.

Sababu nyengine ni picha za video. Kioo cha kompyuta ni kikubwa, na tovuti nyingi huleta picha kubwa zaidi ili zilingane na kioo hicho. Video ya kiwango cha kawaida hutumia kiasi cha GB 1 kwa saa, na ile ya kiwango cha juu huweza kufika GB 3 kwa saa. Kwa kiwango hicho cha juu, kifurushi cha GB 2 humalizika kwa dakika 40.

Hivyo basi, kabla ya mtu kuamini kwamba kampuni imemkata isivyo haki, ni vyema kwanza aikague kompyuta yake. Mfumo wa Windows huweka kumbukumbu inayoonesha kila programu imetumia data kiasi gani, na aghalabu jibu hupatikana hapo.

3. NAMNA KAMPUNI INAVYOTAMBUA KUWA KOMPYUTA IMEUNGANISHWA

Wapo wanaodhani kwamba kampuni ya simu haiwezi kujua kama data imetumiwa na simu yenyewe au na kompyuta iliyo nyuma yake. Dhana hiyo si sahihi. Njia za kutambua ni nyingi, na tatu kati ya hizo ndizo zinazojulikana zaidi.

Njia ya kwanza ni simu yenyewe kutoa taarifa. Baadhi ya simu zimepangwa na kampuni ili zitumie mlango maalumu pale hotspoti inapowashwa, au ziulize kwanza kama laini hiyo imeruhusiwa. Ikiwa haijaruhusiwa, hotspoti hukataa kuwaka.

Njia ya pili ni hesabu ya safari. Kila kifungu cha data kinachopelekwa katika intaneti huandikwa nambari, na kila kituo kinachokipitisha hupunguza moja katika nambari hiyo, ili kifungu kilichopotea njia kisizunguke milele. Simu za Android na za iPhone kwa kawaida huanza na 64, na kompyuta za Windows huanza na 128. Data inayotoka katika simu yenyewe huondoka na 64 kamili. Data ya kompyuta ya Windows iliyopita ndani ya simu huondoka na 127, kwa sababu simu imekwisha kuhesabiwa kuwa kituo kimoja. Mitambo ya kampuni ikiona nambari hiyo hufahamu kwamba nyuma ya simu kuna kifaa chengine.

Njia ya tatu ni mwenendo wa matumizi. Tovuti na huduma zinazotembelewa na kompyuta peke yake, kama vile zile zinazotoa masahihisho ya Windows, haziombwi na simu. Zikionekana katika laini ya simu, jambo liko wazi.

4. KANUNI ZA KAMPUNI: MFANO WA MAREKANI

Ikiwa kampuni inaweza kutambua, suali linalofuata ni kama ina haki ya kuzuia au kutoza zaidi. Suali hili lilijadiliwa sana nchini Marekani, na historia yake inafaa kujulikana.

Mwezi wa Juni 2010 kampuni ya AT&T ilianzisha vifurushi vipya vya mwezi. Kimojawapo kilikuwa cha GB 2 kwa dola 25. Mteja aliyetaka kuitumia data hiyo katika kompyuta alitakiwa kuongeza dola 20 kila mwezi, wala hakuongezewa data yoyote kwa malipo hayo. Zilikuwa ni GB 2 zile zile. Wateja wengi walihoji: mtu aliyekwisha kulipia data, kwa nini alipe mara ya pili kwa sababu tu ameisoma katika kioo kikubwa? Mwaka 2011 kampuni hiyo iliwaandikia wateja waliokuwa wakiunganisha kompyuta bila ya kulipia, na kuwaarifu kwamba wasipoacha watahamishiwa katika mpango wa dola 45.

Hoja ya kampuni za simu haikukosa msingi wote. Mnara mmoja hugawiwa watu wengi, na kompyuta hutumia zaidi kuliko simu. Kwa mteja mwenye mpango usiokuwa na kikomo, kompyuta moja inaweza kula sehemu ya jirani zake. Lakini kwa mteja aliyenunua kiasi maalumu hoja hiyo hudhoofika, kwani hawezi kutumia zaidi ya alicholipia.

Kampuni ya Verizon nayo ilikuwa ikitoza dola 20 kwa mwezi. Lakini Verizon ilikuwa na jambo la ziada. Katika mnada wa masafa uliofanyika mwaka 2008 ilinunua masafa yaliyokuwa na sharti lililowekwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano mwaka 2007, kwamba mwenye masafa hayo asiwazuie wateja kutumia vifaa na programu wanazozichagua wenyewe. Baadae ilionekana kwamba kampuni hiyo imeomba programu za kuunganisha kompyuta ziondolewe katika duka la programu ili wateja wake wasizipate. Baada ya uchunguzi, tarehe 31 Julai, 2012 Tume ilitangaza makubaliano ambayo kwayo Verizon ililipa dola milioni 1.25 na kuacha kuzizuia programu hizo. Wateja waliokuwa wakilipia data kwa kipimo wakawa huru kuitumia katika kompyuta bila ya ada ya ziada.

Ni muhimu ifahamike kwamba uamuzi huo haukuwa wa kampuni zote wala wa wateja wote. Ulitokana na sharti la masafa yale. Hadi leo mipango mingi ya Marekani huitwa ya data isiyokuwa na kikomo, lakini huweka kikomo cha data inayokwenda katika kompyuta, na kikomo hicho kikifikiwa kasi hupunguzwa.

5. MFANO WA UMOJA WA ULAYA

Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata njia nyengine. Kanuni ya intaneti iliyo wazi, iliyopitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika tarehe 30 Aprili, 2016, inampa mtumiaji haki ya kutumia kifaa anachokichagua mwenyewe. Kwa hiyo haki haikutegemea masafa fulani, bali iliwekwa kwa wote.

Haki hiyo ilijaribiwa nchini Ujerumani. Kampuni ya Vodafone ilikuwa na huduma ambayo ndani yake muziki, video na mawasiliano ya programu zilizochaguliwa hayakukatwa katika kifurushi cha mteja. Lakini mteja aliyezitumia programu hizo hizo kwa kupitia hotspoti alikatwa kama kawaida. Chama cha kutetea watumiaji kilifungua shauri, na tarehe 2 Septemba, 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba upendeleo wa namna hiyo kwa baadhi ya programu unakwenda kinyume na wajibu wa kuitendea sawa data yote, na kwa hivyo mpaka uliowekwa juu ya hotspoti kutokana na upendeleo huo nao haukubaliki. Mwaka 2022 mamlaka ya Ujerumani iliamuru huduma hiyo isitishwe.

Mifano hii miwili inaonesha jambo moja. Ruhusa ya kuunganisha kompyuta haitokani na uwezo wa simu. Simu ile ile iliyotoka katika kiwanda kile kile iliweza kuwa huru katika nchi moja na kufungwa katika nchi nyengine. Tofauti ilikuwa ni sheria na mkataba.

6. HALI YA ZANZIBAR NA TANZANIA KWA JUMLA

Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Msimamizi wa kampuni za simu kwa Unguja na Pemba, kama ilivyo kwa Tanzania Bara, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Watumiaji wengi hununua vifurushi vya kulipia kabla, vyenye kiasi maalumu cha data na muda maalumu wa kutumika. Mwezi wa Aprili 2021 zilianza kutumika kanuni ndogo za vifurushi ambazo, pamoja na mambo mengine, zilizitaka kampuni zimpe taarifa mteja pale matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Taarifa hiyo huja kwa ujumbe katika simu. Mtu aliyeweka simu kando na kuinamia kompyuta huenda asiione. Ni vyema simu iwekwe mahali inapoonekana wakati wote hotspoti inapokuwa imewashwa.

Aidha, mnunuzi azingatie jina la kifurushi. Kifurushi cha mitandao ya kijamii hutumika kwa programu zilizotajwa tu. Mtu akikinunua kisha akaunganisha kompyuta ili apeleke barua ya kiofisi, data itakatwa kwengineko au haitapita kabisa. Hali kadhalika vifurushi vya usiku havifai kwa kazi ya mchana. Masharti ya kila kifurushi husomwa kabla ya kununua, na penye shaka huulizwa kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni inayohusika.

Mteja mwenye malalamiko anapaswa kuanza kwa kampuni yake na kuhifadhi kumbukumbu ya tarehe, kifurushi alichonunua na jibu alilopewa. Asiporidhika, ana haki ya kuyapeleka malalamiko yake TCRA.

7. HATUA ZA KUCHUKUA

Ili kuepuka hasara, watumishi na wananchi wanashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

(a) Kuijulisha kompyuta kwamba intaneti inayotumika ni ya kulipiwa. Katika Windows, sehemu ya mipangilio ya mtandao ina swichi ya kuuweka muunganisho kuwa ni wa kupimwa. Ikishawashwa, masahihisho mengi huahirishwa. Swichi hiyo huwekwa mara moja kwa kila mtandao, na kompyuta huikumbuka.

(b) Kusimamisha programu zinazopeleka nakala za mafaili katika hifadhi ya mbali mpaka pale kompyuta itakaporudi katika mtandao wa ofisi.

(c) Kuweka kikomo katika simu. Simu za Android zina sehemu ya kuweka onyo na kikomo cha data. Kikomo kikifikiwa, simu hukata yenyewe.

(d) Kuandika barua na ripoti kabla ya kuwasha hotspoti, kisha kuiwasha, kupeleka, na kuizima. Hotspoti iliyosahauliwa ni sawa na mfereji ulioachwa wazi.

(e) Kufanya masahihisho makubwa ya kompyuta katika mtandao wa ofisi au mahali penye intaneti isiyokuwa na kipimo. Masahihisho yasiachwe kabisa, kwani yanalinda kompyuta.

(f) Kwa anayesafiri nje ya nchi, kutowasha hotspoti katika laini ya nyumbani kabla ya kujua bei ya huko aendako. Data ya ugenini huweza kuwa ghali mara nyingi zaidi.

(g) Kutotumia programu zinazodai kuificha hotspoti kwa kampuni. Mtumiaji huweza kuvunja mkataba wake, na zaidi ya hayo humkabidhi mtengenezaji asiyemjua njia ambayo nyaraka zake zote hupitia.

8. USALAMA NA DHAMANA YA MWENYE LAINI

Jambo la mwisho linahusu dhamana. Tangu tarehe 1 Mei, 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole. Kila laini ina mtu wake. Kwa kuwa kompyuta yoyote iliyoungwa na hotspoti hutoka nje kwa anwani ya simu, jambo lolote litakalofanywa na kompyuta hiyo litaonekana limetoka katika laini ya mwenye simu. Akiruhusu mtu asiyemjua, na mtu huyo akafanya kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye vidole vyake vimo katika usajili.

Kwa sababu hiyo hotspoti isiachwe bila ya neno la siri. Neno hilo lisipungue herufi nane, na nambari ya simu au jina la mtoto visitumike. Jina la hotspoti lisitaje jina la ofisi wala cheo cha mtu, kwani jina hilo huonekana na kila aliye karibu, iwe ni katika boti ya Pemba au katika ukumbi wa mkutano. Mtu akishapewa neno la siri kwa dharura, libadilishwe baada ya dharura kwisha.

Kwa mtumishi anayeshughulikia nyaraka za Serikali, hotspoti yake mwenyewe iliyofungwa vyema ni salama zaidi kuliko Wi-Fi ya wazi ya hoteli au mkahawa. Hii ni sababu nyengine ya kuifahamu na kuitumia kwa utaratibu.

Kumkopesha mwenzako intaneti ni wema, na wema huo haukatazwi na maelezo haya. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye simu ajue kifurushi chake kinaruhusu nini, ajue kompyuta iliyoungwa inafanya nini, na amjue aliyeungwa ni nani. Akiyajua hayo matatu, ripoti itafika kwa wakati, kifurushi kitabakia, na jina lake halitaingia katika jambo asilolifanya.